Inchaji Niliyemshusha

Watu wa Kibondo wakitaka kunitambulisha kwa mgeni hawasemi mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura. Wanasema, huyu ndiye aliyemtoa mke juu ya mumewe. Wengine wanasema kwa sauti ya chini, wengine wanachekacheka, na mimi nimeacha kubisha kwa sababu ni kweli. Nilimshika mkono Inchaji wetu, mbele ya binti yake na mbele ya wauguzi aliowafundisha mwenyewe, nikamshusha kwenye kreti la soda alilokuwa amelisimamia akibonyeza kifua cha mume wake. Nilifuata sheria aliyoitunga yeye, akatufokea yeye mpaka ikatuingia. Lakini ukinikuta peke yangu ukaniuliza kama moyo wangu umetulia, nitakwambia haujatulia hata kidogo. Nikisikia anatajwa, natafuta mlango.

Jina lake nitaliacha, maana hata sisi hatukulitumia. Alikuwa Inchaji, yaani ndiye aliyeshika chumba cha dharura, zamu zetu, glovu, ufunguo wa kabati na hasira zetu zote. Hospitali nayo naiacha bila jina. Alizaliwa wapi na ni binti wa nani, sijui. Serikali ilimleta kutoka mkoa mwingine kama inavyoleta wengi, na alipofika hakujua hata neno moja la Kiha. Alijifunza kwa wagonjwa, ndiyo maana Kiha chake kilijaa maumivu matupu. Aliweza kukuuliza unaumwa wapi, tangu lini, na kama umetapika, lakini sokoni alishindwa kuulizia bei ya ndizi, akawa ananyoosha kidole.

Alikuwa mfupi na ufupi ulimkera. Vitanda vyetu ni vya msaada, virefu, vimetengenezwa kwa ajili ya watu wa huko vilikotoka. Akisimama sakafuni, mikono yake ilifika kifuani kwa mgonjwa ikiwa imekunjwa viwiko, na mkono uliokunjwa haubonyezi kitu. Basi akaleta kreti la soda kutoka nyumbani, akaliweka chini ya kitanda cha kwanza, na ole wako akukute umelikalia unakunywa chai. Baadaye hata warefu tulilipanda, tukaona kumbe kuna tofauti. Godoro nalo lilimsumbua. "Godoro laini, unabonyeza godoro," alisema, "mtu anabembea tu." Akaenda stoo, akang'oa mlango wa kabati bovu bila kumuuliza mtu, ukawa ubao wa kuweka chini ya mgongo wa mgonjwa. Watu wa stoo walipokuja kuudai aliwaambia, "Njooni muuchukue, uko chini ya mgonjwa." Na huyuhuyu angekusema wiki nzima kwa glovu moja uliyoipoteza.

Nieleze hali aliyotukuta nayo, maana ndiyo chanzo cha yote. Si kwamba tulikuwa hatubonyezi vifua. Mtu akiletwa moyo umesimama tulimkimbilia, tukafanya ile kazi tunayoiita CPR, ya kumbonyeza kifua ili damu iendelee kuzunguka wakati moyo wenyewe haufanyi kazi. Ila tulibonyeza kwa adabu. Mzee wa watu amelala pale na mvi zake, wanawe wamejaa mlangoni wanakutazama, na wewe kijana wa juzi umelelewa Uha huku, umefundishwa kumwinamia mtu mzima ukimsalimu. Utamkandamiza kifua mpaka mbavu zilie? Tulikuwa tunawagusagusa. Kifua hakishuki, damu haiendi popote, sisi tunatokwa jasho la uongo. Kisha tunavua glovu, tunawaambia ndugu tumejitahidi lakini imeshindikana. Nao wanashukuru. Wanatupa mkono mmoja mmoja, wanasema Mungu awabariki. Nikikumbuka mikono ile niliyopewa, naona haya mpaka leo.

Mara ya kwanza alipotuona tukifanya hivyo alituacha tumalize. Alisimama amekunja mikono mpaka ndugu wakaondoka na maiti yao. Ndipo akatutoa nje, nyuma ya chumba cha kufulia, akatuuliza, "Lile igizo mlikuwa mnamfanyia nani?" Akajijibu mwenyewe, "Mgonjwa hajaliona, amefumba macho. Kwa hiyo ni la ndugu zake. Mmewachezea ndugu zake." Dada mmoja akaanza kulia. Inchaji hakumbembeleza, alimngoja amalize, akasema kesho tunaanza upya.

Kesho yake alikuja na kitu kwenye gunia la mahindi. Ndani kulikuwa na dumu tupu la mafuta ya kula, amelizungushia kipande cha godoro, na gunia lenyewe amelivisha shati kuukuu la mumewe. Ukilibonyeza sawasawa dumu lilitoa mlio, kok, na ukiliachia likarudi. Ukiligusagusa, kimya. Tulimwita Bwana Dumu. Madumu yalikuwa yanapasuka kwa kubonyezwa, na mengine alikuwa anapewa bure na mwenye duka mmoja pale mjini, mzee wa Kiislamu mwenye ndugu zake Tanga, ambaye kila akituona alituuliza, "Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Inchaji alimjibu bila kucheka, "Amefariki tena, Mzee, tupe mwingine." Yule mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza.

Neno lake kubwa lilikuwa "mrudishie kifua chake." Ukisukuma chini, uachie kifua kipande juu chote, usiegemee, moyo upate nafasi ya kujaa. "Mrudishie! Mrudishie! Unakaa na kifua cha watu, ni chako?" Sauti yake ilifika mapokezi. Watu waliokuja na malaria walidhani kuna mwizi amekamatwa.

Mimi nilikuwa na tatizo langu, sikuwa na mwendo. Nilienda mbio, nikapunguza, nikaenda mbio tena. Akaniuliza kwetu nani anatwanga. Nikamwambia kwetu Kitanga wanaotwanga ni dada zangu. "Ndiyo maana," akasema, na Jumamosi akaniita kwake. Nilifikiri naitiwa chakula. Nikakuta kinu, michi miwili na kapu la udaga, ule muhogo mkavu tunaosagia unga. Tukasimama tunatazamana, yeye anashusha mimi napandisha, na majirani wanapita wanauliza mwanamume yule ameoa huku au vipi. Mikono ikaniisha. Nilijikaza, nikawa napiga ukingo wa kinu badala ya ndani.

"Umechoka tangu zamani," akasema. "Kwa nini husemi?"

"Naona bado nina nguvu, Inchaji."

"Wote mnaona hivyo. Anayebonyeza hajui kama amechoka. Aliye mbele yake ndiye anayejua."

Mumewe alikuwa kibarazani na redio yake. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, anasema taratibu kiasi kwamba ungeweza kumalizia sentensi zake. "Mama, mpumzishe mtoto wa watu," akasema. Kisha akainuka kuchinja kuku wa mchana, na hapo nikaona jambo ambalo kama ningesimuliwa nisingelikubali. Inchaji, aliyekuwa akituambia mbavu ikivunjika endelea, aliweka mchi chini akaenda nyuma ya nyumba akaziba masikio. Mumewe akaniambia kwa kunong'ona, "Hawezi. Hata mfupa wa kuku akiusikia unavunjika, hali." Tulicheka sana, mimi na yule mzee. Nilimpenda siku ileile. Alikuwa anamwita mkewe Bosi, na mkewe, ambaye kazini hakuna aliyewahi kumwona akipokewa hata mkoba, alimwachia yeye ambebee kila kitu.

Kutoka kwenye kinu kile ndipo ikaja sheria. Tubonyeze kwa kupokezana, na aliye upande wa pili wa kitanda akiona kifua hakishuki tena, amwambie mwenzake atoke. Ni rahisi kusema! Kwetu huwezi kumwambia mkubwa wako toka. Watu wakatafuta njia ya heshima. Wakawa wanasema, "Samahani daktari, naomba nikupokee," kama mtu anavyompokea mama mzigo njiani. Na mtu ukimwambia nikupokee, kwa ustaarabu anakataa. "Aa, hapana, bado kidogo tu." "Hapana daktari, nipe mimi." "Usijali, nitafika." Mgonjwa yupo katikati anasubiri wamalize kubembelezana. Wengine waliokuja kusaidia kutoka wodi nyingine walianza na shikamoo. Siku moja Inchaji alipiga chuma cha kitanda kwa kiganja akasema, "Shikamoo mtanipa nje! Hapa neno ni moja. Shuka. Husemi samahani, husemi naomba. Na ukiambiwa shuka, hujibu, unashuka."

Tulijizoeza kuambiana shuka kwa Bwana Dumu, tukicheka, lakini kwa mtu halisi ilikuwa kazi. Wa kwanza kuambiwa mbele ya ndugu wa mgonjwa alikuwa daktari mmoja kijana kutoka Dar es Salaam. Dada aliyemwambia alisema kwa sauti ya kuomba radhi, "Shuka," akafunga macho. Daktari akasema, "Mimi?" Inchaji akasema, "Kwani aliye juu nani?" Akashuka. Alinuna siku kadhaa, akawa anaingia mlango wa pembeni. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote wa kushusha watu.

Kila tulipomaliza, mgonjwa awe amepona au amekufa, Inchaji alitutoa nyuma ya chumba cha kufulia tukasimama tukaulizana. Wapi tulichelewa. Nani aliona kitu akanyamaza. Alianza yeye, kila mara, na kosa lake mwenyewe. Na ni mwanamke ambaye kwingine kote hakujua kuomba msamaha. Alikosana na kwaya nzima ya kanisani kwao kwa sababu ya kiti. Alimnunia jirani kwa kuku aliyeingia bustanini mpaka kuku mwenyewe akazeeka. Lakini pale nyuma ya chumba cha kufulia alisema, "Leo nilichelewa kuweka ubao, ni mimi," na akakutazama mpaka nawe useme lako. Uongo mmoja tu aliukataza, ule wa kumfariji mwenzako kwamba hakukosea ilhali amekosea. Alisema huo unaua mgonjwa anayefuata.

Msidhani tulifufua watu hovyohovyo. Wengi walikufa, na bado wanakufa. Wanaletwa wamechelewa, barabara ni hizi mnazozijua. Lakini wengine walirudi. Wakati kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ingali wazi aliletwa kwetu bibi mmoja Mkongomani, mnene, amevaa vitenge viwili, moyo ukasimama tukimtazama. Wanawe wa kiume wawili walikuwa ukutani, na wauguzi wetu walishindwa kumfungua kitenge kifuani mbele ya wanawe. Wakabonyeza juu ya nguo, kidogo kidogo. Inchaji akaingia, akavuta kitenge, akapanda kreti, akaanza kazi. Mbavu zikalia. Mmoja wa wanawe akapiga kelele, "Muache! Muko munamuvunja mama!" Inchaji akamjibu bila kusimama, "Namvunja, ndiyo! Shika mguu wake umwambie arudi!" Yule bibi alirudi. Baada ya siku kadhaa, ameketi kitandani, neno lake la kwanza la maana lilikuwa, "Ni nani alinikanyaga mbavu? Ni ile mama mufupi?" Akalalamika asubuhi na jioni. Inchaji alikuwa anapita kwa makusudi karibu na kitanda chake ili alalamikiwe. "Anayelalamika mbavu yuko hai," alituambia, na uso wake ulikuwa umejaa furaha.

Sasa nimefika pale nisipopapenda.

Ilikuwa asubuhi, tumetoka kukabidhiana zamu. Ikaingia pikapu ya kubebea mbao, majirani wamempakia mumewe nyuma, na binti yao amemshika kichwa. Walimkuta ameanguka shambani, kwenye maharage. Hakuna aliyejua ameanguka tangu lini, na njiani hakuna aliyembonyeza, walikuwa wanamwombea tu. Inchaji alikuwa anagawa glovu. Alisimama, akasema, "Kitanda cha kwanza," kwa sauti yake ileile ya siku zote.

Alikuwa ametuwekea sheria nyingine, kwamba akiletwa ndugu yako wewe vua glovu, ukae ukutani na ndugu wengine. Siku ile hakukaa ukutani. Alipanda kreti lake. Na sisi wote, na daktari akiwemo, hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Dada mmoja akashika mfuko wa kupumulishia, binti akasimama ukutani amejiziba mdomo, na mimi nikawa upande wa pili, mbele yake.

Nikatazama kifua, kama alivyonifundisha. Mikono yake ilikuwa imenyooka. Mahali palikuwa penyewe. Mwendo ulikuwa ule wa kwenye kinu. Ila kifua cha mzee hakishuki. Nikadhani macho yangu, nikainama. Hakishuki. Nikajiambia mshtuko umemmaliza nguvu, ni haki yake, mtu gani angekuwa na nguvu. Na kila nikijiambia hivyo, mzee anazidi kwenda.

"Shuka, Inchaji," nikasema.

Hakunitazama. Nikasema tena, kwa sauti. Akasema, "Bado."

Neno hilo hakuna aliyewahi kulisema pale tangu ile siku ya shikamoo. Nikazunguka kitanda, nikamshika mkono juu ya kiwiko, nikamvuta. Hakupigana nami, alikuwa mwepesi sana. Nikapanda mimi. Nilibonyeza kama nilivyofundishwa, na mbavu za yule mzee zikalia mara ileile ya kwanza. Nyuma yangu nikasikia Inchaji ameguna, mguno mdogo tu, na binti akapiga kelele, "Mana yanje! Mungu wangu, mnamvunja baba!" Nikaendelea. Tukapokezana, tukashushana, tukafanya yote. Daktari akatwambia tuache. Mzee hakurudi.

Siku ile hatukutoka kusimama nyuma ya chumba cha kufulia. Nani angetuita? Aliyekuwa anatuita alikuwa anamfunga mumewe taya.

Msibani nilikwenda. Waliomwosha marehemu walikuwa wameona kifua chake kilivyokuwa, na kaka yake mmoja akaniuliza taratibu, "Wewe ndiye?" Nikasema ni mimi. Akaniacha nimesimama na sahani ya chakula mkononi. Nilipokwenda nyumbani Kitanga, nikatarajia walau mama yangu atanitetea. Mama akasema, "Mwanangu, kazi ni kazi, sikatai. Lakini mwanamke yuko juu ya mumewe anamtafutia uhai, na wewe unamvuta mkono! Ungemwacha amalize." Nilikuwa nimeshajiambia hivyohivyo njia nzima.

Baada ya matanga Inchaji aliomba ahamishiwe kliniki ya watoto, akawa anapima uzito. Tukikutana koridoni nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapita. Hakuwahi kuingia tena chumba cha dharura. Akastaafu, binti yake ambaye sasa ni mwalimu akamchukua akaishi naye Rungwe Mpya, huku upande wa Kasulu. Nilikuwa na nauli na nilikuwa na likizo. Sikwenda kumwona. Kila mwaka nilipata sababu, na sababu zote zilikuwa za uongo.

Mwaka huu nilitumwa Kasulu kuwafundisha wauguzi wenzangu kubonyeza vifua. Siku hizi tuna sanamu la kununua, lina taa inayowaka ukibonyeza vizuri. Niliwafundisha kuambiana shuka. Kijana mmoja akaniuliza neno hilo tumelitoa wapi, limekaa vibaya kwa wakubwa. Nikasema ni utaratibu tu wa kwetu. Jioni ile nilijichukia kweli. Mtu amekupa kazi yote unayojivunia, na hata kumtaja unashindwa. Asubuhi nikachukua bodaboda hadi Rungwe Mpya.

Binti yake alinifungulia, akanitambua, akaniletea kiti bila kutabasamu. Inchaji alikuwa uani amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage. Amekonda, lakini macho ni yaleyale.

"Shikamoo, Inchaji."

"Marahaba. Umenenepa. Kwa tumbo hilo nani anabonyeza siku hizi?"

Nikacheka, na kidogo nilie. Tulizungumza habari za watu, nani amehama, nani amezaa, yule mzee wa duka mguu unamsumbua. Kisha nikasema lililonileta. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba siku ile nilimwaibisha mbele ya mtoto wake, ningeweza kumwambia kwa njia nyingine, alikuwa amechoka na ilikuwa haki yake kuchoka.

"Sikuchoka," akasema.

Akapasua ganda jingine la maharage.

"Nilimwonea huruma. Nilipoweka mikono nikazisikia mbavu zake. Nazijua, nimelala nazo ubavuni miaka yote. Nikajua nikibonyeza sawasawa zitavunjika, na nitazisikia. Nikashindwa, baba. Nikamgusagusa. Mimi! Mimi niliyewatukana nyinyi." Aliendelea kupukuchua maharage huku anasema. "Uliposema shuka, nilijua umeniona. Nikasema bado, ili usiniseme. Miaka yote hii naogopa utakuja kunisema, kumbe wewe ulidhani nimechoka."

Mimi nilikuwa namkimbia yeye, na yeye alikuwa ananiogopa mimi.

"Sasa nikuulize," akasema, "maana wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu. Ningembonyeza kama nilivyowafundisha, tangu mwanzo mpaka pale uliponishusha, angekuwepo?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Mama, siku yake ilikuwa imefika. Ndilo wanalosema watu wote, mchungaji alilisema, mimi mwenyewe nimeshalisema kwa wafiwa wengi na kwa wengine lilikuwa kweli. Lakini alikuwa ananitazama vile alivyokuwa akitutazama tukisimama kule nje baada ya kazi. Nikaona nikimdanganya yeye, basi nimeyageuza yote aliyotufundisha kuwa lile igizo. Au pengine nilikuwa na kiburi tu, nilitaka kuwa mwanafunzi mzuri. Sijui.

"Nafasi ilikuwa ndogo sana, mama," nikasema. "Ameanguka hatujui tangu lini. Ilikuwa ndogo. Lakini ilikuwepo."

"Ilikuwepo," akasema. "Asante."

Akarudi kwenye maharage yake. Baada ya muda nikaona anapukuchua maganda yasiyo na kitu, anayafungua moja moja, anayaweka upande wa yaliyojaa. Nikaaga. Akasema niwasalimie wote, hakuinua uso.

Binti yake alinisindikiza hadi barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa hata kama humpendi. Tulitembea mpaka penye kituo cha bodaboda.

"Kaka," akasema, "nilikuwa mlangoni. Nimesikia."

Nikasema pole. Sikujua pole ya nini.

"Siku ulipomshusha nilikuchukia. Baadaye nikaelewa, nikakusamehe, wala hukujua. Lakini leo? Ungesema siku ya baba ilikuwa imefika, ungepungukiwa nini?"

"Mama mwenyewe ameniuliza," nikasema. "Alitaka ukweli."

"Ukweli anao, kaka. Anaamka nao kila asubuhi, mimi ndiye ninayeishi naye. Hakukuuliza ili umpe ukweli." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sisi sote tumemwambia hapana, asingepona, lakini yeye hatuamini kwa sababu sisi hatujui kazi yenu. Alikuwa anakungoja wewe, umwambie hapana."

Bodaboda ilisimama. Nilipanda, akageuka kurudi kwa mama yake.